Monositi moja, njia mbili: nani anaamua seli igeuke mla-mfupa?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa 3 wa sayansi ya tiba. Nimesoma kwamba osteoklasti, zile seli zinazokula mfupa, zina asili moja na makrofaji, seli za kinga zinazomeza vijidudu: zote hutoka kwenye seli za uboho za ukoo wa monositi, aina ya seli nyeupe za damu. DNA ni ileile. Sasa nini kinaamua hii ibaki makrofaji na ile iende kula mfupa? Kila ninaposoma nakutana na jina jipya: PU.1, MITF, c-Fos, NF-κB, NFATc1, na kila moja linasifiwa kuwa ndilo kuu. Nani hasa mkuu wao? Na kama anajulikana, mbona hakuna dawa ya kumzuia yeye mwenyewe?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umenichekesha uliposema kila jina linasifiwa kuwa kuu, maana na sisi tulifundishwa hivyohivyo, na nilichukua miaka kuacha kuuliza swali hilo. Kama ni la mtihani, andika NFATc1 na maksi zako utapata. Ila jibu hilo halitakufanya uelewe kitu. Protini hizi hazikupangwa kama ofisi yenye bosi na makarani, zimepangwa kwa saa. Kila moja ina wakati wake, na inayokuja mwisho haina la kufanya kama zilizotangulia hazijaandaa njia. Tena kuna kundi la wazuiaji ambalo lazima liondoke kwanza. Hao wazuiaji hupitiwa haraka sana darasani, kwa hiyo hapa nitakaa nao zaidi.

Msamiati kwanza, kwa ufupi. Majina yote uliyoyataja ni ya protini za unukuzi. Protini ya unukuzi ni ile inayokaa juu ya DNA karibu na jeni fulani, ikaruhusu au ikazuia jeni hiyo kunakiliwa kuwa RNA. Seli ya ngozi yako ina jeni ya kathepsini K, kimeng'enya kinachokata kolajeni ya mfupa, sawasawa na ilivyo nayo osteoklasti. Tofauti ni nani amekaa juu ya jeni hiyo na nani hajafika.

Halafu acha kukariri majina. Tazama panya. Kwa kila protini, watafiti wametengeneza au wamepata panya wasio nayo, na wewe una maswali mawili tu ya kuuliza: osteoklasti zipo? Makrofaji zipo? La kwanza utalijua hata bila hadubini. Panya asiye na osteoklasti ana osteopetrosisi: mifupa imejaa ndani, uboho umebanwa, na meno hayatoki kwa sababu hata jino changa linahitaji mfupa ulio juu yake uliwe ndipo lipate njia. La pili ndilo linalokuonyesha protini imesimama wapi kwenye safari.

Panya asiye na PU.1 hana osteoklasti na hana makrofaji pia. Hilo lilionyeshwa mwaka 1997, na maana yake ni wazi: PU.1 inafanya kazi kabla njia haijagawanyika. Bila yake seli haipati vipokezi vya maana, hasa kile cha M-CSF, ishara inayoziweka hai seli za ukoo huu na kuziongeza, na hata RANK, kipokezi cha ishara ya RANKL inayoziambia zigeuke. Mimi husema PU.1 inaipa seli masikio. Kusikia bado si kutii.

Sasa c-Fos. Panya wasio na c-Fos walielezwa mwaka 1992, na miaka miwili baadaye ikabainika jambo tamu: osteoklasti hakuna hata moja, lakini makrofaji zipo, na zimezidi idadi ya kawaida. Seli zilifika njia panda, zikakosa njia ya mfupa, zikaelekea zote upande mmoja. Ukitaka kujua njia panda iko wapi, iko hapa. NF-κB inasimama karibu na hapo: panya aliyekosa sehemu zake mbili kwa pamoja, p50 na p52, hana osteoklasti, ilhali aliyekosa moja tu hana shida kwenye mifupa. Moja humfichia mwenzake pengo, jambo ambalo utalikuta tena na tena kwenye biolojia hii.

MITF ina kisa chake, na siwezi kukipita. Kuna panya weupe wenye macho madogo waliojulikana tangu zamani kabla ya mtu yeyote kujua jeni yenyewe, na mifupa yao ni migumu kama jiwe. Weupe ni kwa sababu MITF inahitajika na seli za rangi. Mifupa ni kwa sababu osteoklasti zao hazishikamani vizuri kuwa seli kubwa na hazipati ule ukingo wenye mikunjo unaogusa mfupa. Hadi hapo sawa. Kisha wakapatikana panya wasio na MITF kabisa, ungetarajia wawe na hali mbaya zaidi, na kumbe mifupa yao haikuwa na osteopetrosisi! Ufumbuzi ulikuja mwaka 2002: ipo protini ndugu, TFE3, inayoshika zamu MITF isipokuwepo. Ila MITF mbovu ikiwepo, inamkumbatia TFE3 na kumzuia asifanye kazi. Mgonjwa aliyeng'ang'ania zamu ni hasara kuliko aliyebaki nyumbani. Nawaambia wanafunzi kila mwaka: jeni iliyoharibika na jeni iliyokosekana ni mambo mawili tofauti.

Turudi kwenye saa. RANKL inapogusa RANK, NF-κB inaingia kwenye kiini cha seli ndani ya dakika chache. Haikuwa mbali, ilikuwa imefungwa tu kwenye saitoplazimu, nje ya kiini, na protini nyingine ambayo sasa inavunjwa. Inakwenda hadi mwanzo wa jeni ya NFATc1 na kuianzishia kazi. c-Fos nayo inaongezeka, inaungana na protini mwenzake, Jun, na kundi hilo, AP-1, linafika mahali palepale. Wakati huohuo, kutoka vipokezi vingine kabisa vya ukuta wa seli, kalsiamu ndani ya seli inaanza kupanda na kushuka, kupanda na kushuka, kama taa inayopepesa. Kila kalsiamu inapopanda, kimeng'enya cha kalsinurini kinaamka na kuivua NFATc1 fosfeti zake, na NFATc1 iliyovuliwa fosfeti ndiyo inayoruhusiwa kuingia kwenye kiini.

Ikishaingia inafanya nini kwanza? Inakwenda kukaa juu ya jeni yake yenyewe. NFATc1 inaagiza NFATc1 zaidi, nazo zinaingia kuagiza nyingine. Moto uliowashwa na NF-κB sasa unajipulizia wenyewe. Hapa ndipo seli inapovuka mstari, na hii ndiyo sababu NFATc1 inaitwa kuu: ukiilazimisha seli itengeneze NFATc1 nyingi kwa mbinu za maabara, inageuka osteoklasti hata bila RANKL, jambo lililoonyeshwa mwaka 2002. Ukiipa NFATc1 seli isiyo na c-Fos, nayo inageuka. Kutoka hapo orodha ya jeni zinazowashwa ni ndefu: kathepsini K, TRAP (kimeng'enya ambacho maabara hutumia kuzitambua osteoklasti), kipokezi cha homoni ya kalsitonini, na DC-STAMP, protini ya ukuta wa seli inayofanya seli jirani ziungane. PU.1 na MITF hazijaondoka. Zinakaa bega kwa bega na NFATc1 juu ya jeni hizo.

Hebu nikuonyeshe inavyoonekana kwa macho, maana maandishi peke yake yanachosha. Unachukua uboho wa panya, unaziacha seli siku tatu kwenye M-CSF, zinajaa sahani ya maabara: ndogo, mviringo na zenye ncha, kila moja peke yake. Unatia RANKL. Siku ya kwanza huoni lolote, na mwanafunzi mgeni hudhani ameharibu kazi. Siku ya pili zinaanza kujivuta, kama watu wanaosogeleana kwenye mkutano. Siku ya tatu unakuta seli zenye viini vitatu, vinne. Siku ya nne unaweka jicho kwenye hadubini na kuna kitu kimetandaa kama chapati, viini 20 au zaidi vimepangana pembeni, na ukipaka rangi ya TRAP inageuka zambarau iliyokolea. Ukiweka seli hizo juu ya kipande chembamba cha jino la ndovu au cha mfupa, zitachimba mashimo. Ukichelewa hadi siku ya sita, sahani iko karibu tupu, kwani zikishakuwa kubwa hazidumu.

Zingatia ile siku ya kwanza ambayo huoni kitu. Mambo yote niliyokueleza kuhusu NF-κB, c-Fos na mwanzo wa NFATc1 yanatokea siku hiyo. Na hapo ndipo wazuiaji wanapoondolewa.

Monositi iliyotulia haiko wazi kwa njia zote mbili kwa usawa, imewekewa breki, yaani protini za kuzuia. IRF8 inaishika NFATc1 na kuizuia kufanya kazi. MafB inaishikilia seli upande wa makrofaji. Bcl6 imekaa moja kwa moja juu ya jeni za osteoklasti, ikiwemo ya NFATc1, kama mtu aliyekalia kiti cha mwenzake. RANKL ikifika, IRF8 na MafB zinapungua, Bcl6 inainuka na NFATc1 inakaa mahali pake. Anayesafisha njia ni mzuiaji mwingine, Blimp1: NFATc1 inaiagiza, nayo inazima jeni za IRF8, MafB na Bcl6. Mzuiaji wa wazuiaji. Panya asiye na IRF8 ana osteoklasti nyingi kupita kiasi na mifupa yake ni dhaifu mno. Asiye na Blimp1 katika osteoklasti ana mifupa iliyojaa kupita kiasi. Ukiziweka taarifa hizo mbili sambamba utaona kwamba NFATc1, pamoja na ukuu wake wote, hupimiwa nguvu na hao waliomtangulia kitini.

Na hili si la panya tu. Mwaka 2012 iligundulika kwamba mabadiliko katika jeni ya MAFB ya binadamu husababisha ugonjwa adimu ambao mifupa midogo ya vifundo vya mikono na miguu huyeyuka tangu utotoni, na mara nyingi figo nazo hushindwa kazi. Breki ikiharibika, unaweza kuiona kwenye picha ya eksirei ya kiganja cha mtoto.

Umuhimu wa breki niliujua kwa kuharibikiwa. Miaka ya nyuma tuliletewa seramu ya kukuzia seli, na kumbe ilikuwa na mabaki ya ukuta wa bakteria. Nilikuwa na sahani za makundi mawili. Kundi la kwanza lilipata seramu hiyo kabla ya RANKL: hazikupatikana osteoklasti, makrofaji tupu, zimenona. Kundi la pili lilikuwa limeshakaa na RANKL siku moja nzima kabla ya kupata seramu ileile: osteoklasti zilijaa kuliko kawaida. Nilipoteza wiki nikidhani nimechanganya lebo. Sikuwa nimechanganya kitu. Jambo hilo linajulikana vizuri: ishara ya bakteria ikimkuta monositi ambaye breki zake bado zimekaza, inamfanya askari, yaani makrofaji, ikimkuta ameshaanza safari, inamsukuma mbele. Ndiyo maana maambukizi ya fizi au ya mfupa yanaweza kula mfupa ingawa mwili unapambana nayo kwa nguvu zake zote.

Kwa hiyo ulipouliza nini kinaamua, sehemu ya jibu iko nje ya seli yenyewe. Kuna watoto wanaozaliwa na osteopetrosisi kali. Wengi wao kosa liko ndani ya osteoklasti, mara nyingi kwenye jeni ya TCIRG1 inayohusika na pampu ya asidi: seli zipo ila haziwezi kuyeyusha mfupa. Ukiwapandikiza uboho wa mtu mwingine, wanapata osteoklasti nzima na wanaweza kupona mifupa. Lakini wachache kosa lao liko kwenye jeni ya RANKL yenyewe. Hao monositi zao ni nzima kabisa, PU.1 iko sawa, NFATc1 iko sawa, na kupandikiza uboho hakuwasaidii, kwa sababu RANKL inayohitajika hapa haitokani na seli za damu zilizopandikizwa. Inatoka hasa kwa osteositi, seli zilizofukiwa ndani ya mfupa. Mfupa ndio unaomwita mlaji wake. Asipoitwa, hageuki mla-mfupa.

Sasa la dawa, swali lako la mwisho.

Kwanza, NFATc1 haikuumbwa kwa ajili ya mfupa peke yake. Kiinitete cha panya kisichokuwa nayo hufa tumboni kwa sababu vali za moyo hazijengeki, na seli T za kinga zinaitumia pia pamoja na ndugu zake. Pili ni umbo: kimeng'enya kina shimo ambalo molekuli ndogo ya dawa inaweza kuziba, protini ya unukuzi mara nyingi inashika DNA kwa uso mpana usio na shimo la namna hiyo. Njia ya kuzunguka ipo, unazuia kalsinurini. Dawa zinazofanya hivyo zipo tena za zamani, siklosporini na takrolimasi, wanazopewa waliopandikizwa figo. Kwenye sahani zinazima osteoklasti vizuri sana. Ungetarajia basi wanaozitumia wawe na mifupa ya chuma. Kinyume chake, panya waliopewa takrolimasi walipungukiwa mifupa, kwani osteoblasti, seli zinazojenga, nazo zinahitaji protini za ukoo huo wa NFAT. Ulizima mlaji ukamzima na fundi.

Ndiyo maana dawa zilizofanikiwa zinapiga juu au chini ya NFATc1. Denosumab, iliyoidhinishwa Marekani na Ulaya mwaka 2010, ni kingamwili inayonasa RANKL kabla haijafika kwenye kipokezi, na sindano yake kwa osteoporosisi, ugonjwa wa mifupa kudhoofika, ni kila baada ya miezi 6. Upande wa chini, walijaribu kuizuia kathepsini K kwa dawa iitwayo odanacatib: mivunjiko ya mifupa ilipungua, ila kiharusi kikaongezeka, na mwaka 2016 kazi hiyo ikasimamishwa. Mimi mwenyewe nilikuwa na matumaini makubwa na dawa ile, na bado inaniuma kidogo.

Denosumab nayo ina tabia moja inayokurudisha kwenye swali lako kwa mlango wa nyuma. Mgonjwa akiiacha ghafla, ulaji wa mfupa haurudi tu pale ulipokuwa, unapanda kupita hapo, na baadhi yao huvunjika pingili kadhaa za uti wa mgongo ndani ya muda mfupi. Hao walaji wengi hivyo wametoka wapi, ikiwa mstari wa uzalishaji ulikuwa umefungwa? Mwaka 2021 watafiti waliokuwa wakitazama mifupa ya panya hai waliona osteoklasti kubwa haifi lazima: inaweza kugawanyika kuwa seli ndogo, wakaziita osteomofu, na hizo baadaye zinaungana upya kuwa osteoklasti. RANKL ikizuiwa, zinajikusanya zikisubiri. Inawezekana sana kwamba zuio likiondoka zinaungana kwa pamoja. Kwa maneno mengine, seli iliyoshavuka mstari wa NFATc1 ina njia ya kupumzika ambayo si kurudi kuwa makrofaji.

Kwa sababu hiyo, mgonjwa anayeacha denosumab haachwi hivihivi. Kwa kawaida daktari humhamishia dawa ya kundi la bisfosfoneti, inayojipachika ndani ya mfupa wenyewe na kuingia kwenye seli pale seli hiyo inapoanza kuula.